Tanzia za Toleo la Tano

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi huku mzima, isipokuwa vumbi. Vumbi la machimboni linaingia hadi kwenye chai. Ukimaliza kikombe unakuta chini kumebaki kiwanja. Mjomba Breki hajambo? Mpe shikamoo yake, halafu mwambie nimeacha kumwogopa. Na Kinyozi wa jirani, bado anajiita mwenyekiti wa wanaosubiri, au mmeshampindua?

Usininunie kwa kutopiga simu. Hapa simu zote zinaachwa getini kwa sababu ya baruti, na hata wasingezichukua, mtandao hauvuki hii milima. Njia ni barua, na mwenye barua ni dereva wa tangi la dizeli, ambaye anakuja anapojisikia. Akija na barua yako tunakuwa ndugu. Asipokuja nayo simsalimii.

Kazi waliyonipa ni kwenye mashine ya kusaga mawe. Mkanda unapita mbele yangu na mawe, mimi natoa vipande vya chuma na mizizi visiingie kwenye meno. Ukiutazama sana ule mkanda unaona barabara. Siku nyingine nakata kona kabisa, mwili wote, wenzangu wananicheka.

Sasa jambo lenyewe. Toleo la tano la gemu letu la magari linatoka Juni au halitoki? Niambie ukweli, maana likizo yangu nimeiweka juu ya tarehe hiyo hiyo. Hapa kwa mwaka unapata likizo moja tu. Msimamizi akaniuliza, "Una harusi?" Nikamwambia, "Kubwa kuliko harusi." Wewe ulikuwepo siku ile naondoka, ulimsikia Mjomba. Kanifunga mbele ya watu wote, kaninyang'anya usukani, kasema, "Nenda kapasue mawe, tutamalizana kwenye la tano." Najua ni kaka wa mama na ndiye aliyetulea, lakini kwenye gemu hana mpwa yule mzee. Na mimi sitakuwa na mjomba siku hiyo.

Mdogo wako,
Kona


27 Februari

Kona, mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima, chumba cha gemu kinajaa jioni kama kawaida, viti viwili vimevunjika na kila mtu anasema alikuta hivyo hivyo.

Keti kwanza. Umeketi? Haya, soma kilichobandikwa mlangoni kwetu:

"Kwa masikitiko makubwa, uongozi wa chumba cha gemu unatangaza kifo cha Juni. Marehemu amefariki ghafla asubuhi ya leo, baada ya kampuni kusema toleo la tano bado halijaiva. Ameacha wajane wengi na mtoto mmoja, Septemba. Habari ziwafikie ndugu wote popote walipo, hasa Kona aliyeko machimboni."

Kazi ya Kinyozi hiyo. Karatasi kubwa, mstari mweusi pembeni pande zote nne. Kufika jioni, watu wamejaa mpaka barazani, wameweka sura za msiba. Kinyozi akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, aliahidiwa na nani, alisubiriwa kwa uvumilivu gani. Mjomba akasema msiba usio na maiti ni mkutano. Akapanda kwenye benchi, akajifunika lile shuka tunalofunikia mashine, akanyoosha miguu. Watu tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wengine wanapita mbele yake mmoja mmoja, wanatoa heshima za mwisho, wanamfinya pua.

Kinyozi alipomwambia, "Haya marehemu, amka, watu wanataka kucheza," hakuamka. Tukamtekenya nyayo. Hakuamka. Baadaye sana akafumbua macho, akaomba maji. Tukampigia makofi, maana kwa kuigiza kule hakuna mfano.

Basi sogeza likizo yako mpaka Septemba. Mjomba anasema usijali, anasema hiyo ni miezi ya ziada ya wewe kuogopa. Miguu yake imejaa kidogo. Anasema ni kukaa sana.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote wazima. Mimi mzima.

Samehe mwandiko, naandika kwenye goti ndani ya gari linalotembea. Tanzia nimeisoma kwa wenzangu bwenini, wamecheka, wengine wameiomba wainakili. Mwambie Mjomba kama dereva simjui tena, lakini kama maiti amefaulu.

Kwa kweli bora wamesogeza. Wasikimbize kitu kikatoka kibovu. Mimi mwenyewe sijawa tayari. Likizo nimeipeleka Septemba, msimamizi hakuuliza kitu safari hii.

Sina zaidi.

Kona


4 Mei

Kona,

Marahaba. Sisi tupo. Mvua imepitiliza, paa linavuja juu ya skrini ya pili, nimeweka ndoo na watu wanacheza huku wameikumbatia.

Gari gani hilo linalotembea ukurasa mzima? Herufi zako zote zimelala upande mmoja kama zimepigwa upepo. Na wewe tangu lini unaandika barua fupi hivyo? Wewe uliyenijazia kurasa tatu kwa sababu ya nyoka aliyekufa! Nilimpa Mjomba aisome. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani, akaitazama muda mrefu kuliko maneno yaliyomo. Akaikunja. Akasema, "Usimuulize kitu." Mimi nakuuliza. Kuna nini?

Mjomba amehamishia kitanda chake kwenye chumba cha gemu, nyuma ya pazia. Anasema ngazi za nyumba hii zimekuwa na kiburi. Pedali amezitoa chini akaziweka mezani, anazikandamiza kwa kiganja huku mkono wa pili unashika usukani. Watu wanadhani ni mtindo mpya, wameanza kumwiga. Jumamosi Kinyozi kamfunga. Kinyozi, Kona! Yule anayeinamisha kichwa gari likiinama! Mimi nilidhani Mjomba atapasuka. Alicheka tu, akaomba shuka ajifunike miguu.

Usukani wako bado uko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Hataki mtu auguse.

Nina ombi. Njoo Juni kama ulivyopanga mwanzo. Achana na Septemba. Njoo hivyo hivyo, tutacheza la nne.

Dada yako


12 Juni

Dada,

Shikamoo. Huku salama. Dereva wa tangi alipotea muda mrefu, barua yako imenifikia juzi, kwa hiyo, hiyo Juni yako ilishakuwa imefika kabla yake.

Siwezi kuja. Likizo imeshaandikwa Septemba, na hapa si kwa baba yangu nikabadilishe nitakavyo. Halafu nije kufanya nini bila gemu? La nne nimelicheza mpaka nazijua nyufa za lami. Nitakuja na la tano, kama nilivyosema.

Na mwandiko wangu uache. Kila mtu na siku zake.

Kama kuna jambo huko, sema, usinizungushe. Kama hakuna, tusubiri Septemba. Mjomba kupumzika ni haki yake, amekaa kwenye kile kiti tangu tukiwa wadogo. Mwambie akifungwa na Kinyozi asinitaje kama mwanafunzi wake.

Kona


5 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hakuna jambo.

Nakuandikia haraka, dereva ananingoja kwa mafundi wa tairi. Ni hivi: wamerudisha nyuma tarehe. Toleo la tano linatoka tarehe mosi Agosti. Ndiyo, Agosti, wala sijakosea. Kampuni imetangaza. Kinyozi amechanganyikiwa kwa furaha, chumba kizima hakilali. Kwa hiyo nenda kwa huyo msimamizi wako, piga magoti, lia, mwambie nimekufa mimi ukitaka, lakini likizo yako iwe mwisho wa mwezi huu. Usisubiri tangi lijalo, panda hili hili likirudi.

Mjomba anakusalimu. Kasema kidogo tu, lakini kasema.

Njoo, Kona. Njoo.

Dada yako


29 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Nani kakupiga changa la macho? Dereva kaleta gazeti lililofungiwa samaki mkavu. Nimelikung'uta magamba, nikakuta habari imo, na picha ya gari, kila kitu: toleo la tano limesogezwa mpaka mwakani, Februari. Septemba haipo tena, sembuse hiyo Agosti yako. Kama ni Kinyozi ndiye aliyekuambia, mvueni uenyekiti leo leo. Mtu mzima anazua habari za gemu! Ningekuwa mjinga ningeitupa likizo yangu kwa uzushi, nikafika hapo nikakaa natazamana na la nne.

Nimeshaipeleka likizo Februari. Msimamizi kasema ndiyo mara ya mwisho.

Usihuzunike. Mimi nimeshazoea, ukisubiri sana kitu unakuwa unaishi nacho. Mwambie Mjomba ajitunze mpaka Februari, na hiyo tanzia ya Septemba Kinyozi aiandike vizuri, nitumieni.

Kona


18 Agosti

Kona,

Hakuna aliyenipiga changa la macho. Nilikudanganya mimi. Kinyozi hakusema chochote, masikini ya watu. Nilikaa kwenye kiti chako, nikatunga tarehe, nikafikiri mtu aliyekataa kuja kwa ombi langu atakuja kwa gemu. Nilisahau wewe ni mshabiki kweli, kwamba utaipata habari hata kwenye harufu ya samaki.

Sikiliza sasa, na usome taratibu. Mjomba anakufa. Figo zake zimekwisha zote mbili. Siku ile ya msiba wa mzaha hakuigiza, alizimia pale benchini mbele yetu, na sisi tukampigia makofi. Nayasikia yale makofi mpaka leo. Kesho yake nilimpeleka hospitali, wakatuambia. Njiani kurudi akanishika mkono akasema nisikuandikie. "Asije kwa huruma. Aje kwa gemu." Nikamwapia. Nimekaa na kiapo hicho tangu Februari, na wewe unaniandikia ajitunze mpaka Februari.

Wateja hawajui. Anajipaka mafuta usoni, anachomekea shati, anatoka nyuma ya pazia saa za watu kuja, anakaa, anatania. Wakiondoka namshika kwapa kumrudisha.

Wiki iliyopita Kinyozi kaja na tanzia ya Septemba, ile ile yenye mstari mweusi. Mjomba akataka tena apande benchini alale. Nikaichana ile karatasi mbele ya watu. Wakashangaa, wakasema dada siku hizi hana utani. Hapo ndipo nilipoona siwezi tena, kiapo na kivunjike.

Nimepiga simu ofisi yenu ya mjini. Karani kasema ujumbe utafika. Kama umefika, husomi haya kwa mara ya kwanza.

Nina hasira na wewe pia, acha niseme. Mtu gani anaambiwa njoo na dada yake, anajibu nije kufanya nini? Lakini njoo. Hasira yangu utaikuta, na chakula utakikuta. Usisubiri Februari. Februari hana.

Dada yako


2 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikaenda nyuma ya bweni nikalia nikarudi.

Ujumbe wa karani haukufika. Na mimi pia nina langu, nitalisema lote mara moja. Mwezi wa tatu mkanda ulinivuta. Niliona kipande cha nondo kinaelekea kwenye meno, nikakifuata. Mkono wa kulia umebaki dole gumba na kidole cha kando yake, navyo havikunji. Naandika kwa kushoto. Hakukuwa na gari linalotembea, Dada. Nilikuwa kitandani zahanati.

Walipanga kunirudisha nyumbani, nikawaomba wanipe kazi yoyote. Wameniweka getini kutunza simu za wenzangu. Ninakaa siku nzima na simu mia zisizoshika mtandao. Cheka ukitaka.

Ndiyo maana kila walipolisogeza la tano nilishukuru. Nilisema bora, bora, na kweli nilikuwa naona bora. Ningefikaje mbele ya Mjomba na mkono huu? Aliniambia tutamalizana. Nilimwona jinsi atakavyonitazama, halafu atakavyonipa nafasi nishinde. Hicho ndicho nilichokikimbia. Sikujua kama na yeye kuna kitu anakificha. Ningejua, Dada, ningekuja kwa miguu.

Nakuja. Msimamizi kanipa ruhusa, si likizo, kasema nenda tu. Dereva anaondoka leo na barua hii, ila anapitia machimbo mengine na tangi limejaa, hana kibali cha kubeba mtu. Safari yake ijayo likiwa tupu atanichukua. Mwambie Mjomba asiende popote.

Na mwambie hivi, neno kwa neno: nimefikiria la miguu yake na mkono wangu. Yeye ashike usukani, mimi nikanyage pedali. Gari moja, watu wawili. Tumwite Kinyozi tumtandike la nne mpaka arudi kwenye mkasi wake. La tano wakae nalo.

Mdogo wako,
Kona


13 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana. Tulimzika Jumatatu.

Hakuteseka sana mwishoni, sikufichi kitu tena. Alilala mchana akitazama watu wawili wakicheza, akamwambia mmoja, "Achia mafuta kabla ya kona," na hilo ndilo lake la mwisho. Yule mtu akaachia mafuta, akashinda, akageuka kumshukuru.

Kuhusu mkono wako: alijua. Siku ile aliyosogeza barua yako dirishani alijua, sema mimi sikumwelewa. Wiki ya mwisho aliniomba nizitoe pedali mezani nizirudishe chini. Nikasema miguu yako haiwezi, Mjomba. Akasema si chini ya kiti chake, chini ya kiti chako wewe, Kona. Nikaona homa inamsemesha. Nilipoziweka akasema, "Miguu anayo." Basi. Jana nimesoma barua yako nikaelewa, nikakaa sakafuni kando ya zile pedali.

Kuna jambo lingine lazima nikuandikie, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nilimwomba Kinyozi aandike tanzia. Akakaa na kalamu, akaandika "Kwa masikitiko makubwa," akaishia hapo, akaanza kulia. Maneno yote tulishayatumia, Kona. Kufariki ghafla, kuacha wajane, habari ziwafikie, yote tuliyamaliza kwa gemu. Mwisho akaandika yale yale, hatukuwa na mengine. Tukabandika mlangoni.

Watu wakapita, wakasoma, wakacheka. Walipoona jina la Mjomba wakacheka zaidi, si ndiye maiti wetu wa siku zote? Mmoja akapaza sauti toka ng'ambo ya barabara, "Wamesogeza mpaka lini tena?" Nikatoka na kalamu nyekundu, nikaandika chini yake, HII NI YA KWELI. Hiyo ndiyo iliyowavunja mbavu kabisa. Nikasimama pale na ile kalamu.

Makaburini tulikuwa wachache, mimi, Kinyozi na majirani wa ukuta mmoja. Chumba kizima cha watu aliowafundisha kushika usukani hakikuja. Jioni yake wakaja, wamenawa, wamechana nywele, wanagonga wanataka kucheza. Kinyozi akawafungulia akawaambia. Wakabaki wamesimama tu. Mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini kama hii nayo ni sehemu ya mzaha.

Sijui barua hii itakukuta getini kwako au mtapishana njiani. Dereva kasema labda. Ile karatasi bado iko mlangoni, nilisema itakaa mpaka arobaini. Lakini nimeamka na wazo baya: kama mmepishana, utashuka kwenye tangi bila kujua, utaiona kwa mbali na mstari wake mweusi, utasoma mwanzo wake, na utaingia humu ndani unacheka.

Kwa hiyo naibandua leo.

Dada yako